Kozi ya kulala masaa manne: tumelipia, tumeitumia, nyota mbili kwa tano

Wadau nimeona watu wengi wanaiulizia hii kozi ya kulala masaa manne, ile inayozunguka kwenye mastatus, jamaa kavaa suti kasimama mbele ya saa kubwa ya ukutani anakwambia maskini ndo wanaolala masaa nane. Jina sitaji, sitaki kesi na mtu, alafu sitaki kumpa tangazo la bure, ila ukiiona utaijua. Bei ni elfu thelathini na tano kifurushi cha kawaida na elfu sabini VIP, na tofauti ya VIP ni kwamba Kocha (ndo huyo jamaa wa suti) anakujibu inbox badala ya kukujibu grupuni, hamna kingine. Sisi kazini (duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mimi keshia) tulichanga watatu, mimi na jamaa wa stoo na dada wa mapokezi, tukalipia moja ya kawaida tukawa tunaangalia wote mchana kwenye simu ya jamaa wa stoo maana yeye ndo mwenye bando la maana.

Kila mtu na sababu yake. Mimi usiku natengeneza keki za oda, nikifika Kimara saa mbili ndo naanza kuchanganya unga, oda za Jumamosi zikibana nalala saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe macho niwahi foleni ya mwendokasi, kwa hiyo masaa manne nilikuwa nayalala tayari bila kufundishwa na mtu, nilichotaka kujua ni kama kuna namna ya kulala hivo bila kugeuka zombi. Jamaa wa stoo anasoma chuo jioni, anapiga msuli mpaka usiku wa manane. Dada wa mapokezi ana mtoto mchanga na alisema wazi kabisa hataki kupunguza usingizi wowote, anataka kujifunza kuishi na huu alioachiwa.

Ukilipia unapewa video fupi fupi, PDF moja yenye picha nyingi kuliko maneno, apu ya alamu, na unaingizwa grupuni. Video sauti sio mbaya, japo kwenye mbili tatu jogoo anawika nyuma mpaka unajiuliza Kocha mwenyewe anarekodi saa ngapi.

Nianze na vizuri maana vipo. Ile apu ya alamu ni noma, haizimi mpaka upige hesabu, na sio mbili jumlisha mbili, inakuletea kumi na saba mara nane na wewe jicho moja bado limefumba. Alafu somo la kuamka muda uleule kila siku mpaka Jumapili limekaa vizuri, na la kutoka nje kupata mwanga asubuhi, na lile la kulala kidogo mchana dakika ishirini, usizidishe maana ukizidisha unaingia usingizi mzito ukiamshwa unakuwa umevurugwa kuliko ulivokuwa. Wana mbinu moja ya kunywa kahawa alafu ukalala hapohapo zile dakika ishirini, kahawa inaanza kukolea wakati unaamka. Mimi nilidhani ni utani ila inafanya kazi kweli, nikawa nashusha vikombe viwili vya yule muuza kahawa wa kibarazani alafu najilaza kwenye mabox ya vigae. Kwa hayo tu nawapa nyota zao mbili, na hapo hapo ujue hayo yote yako mtandaoni bure.

Sasa tuje kwenye chenyewe wanachouza.

Kozi ina ngazi tatu. Ya kwanza unalala masaa matano na kujilaza mchana mara moja. Ya pili masaa matatu na nusu na kujilaza mara tatu. Ya tatu wanaiita ya magwiji, hiyo hulali usiku kabisa kama binadamu, unalala dakika ishirini kila baada ya masaa manne, yaani siku nzima masaa mawili. Ahadi ni kwamba siku kumi za mwanzo utateseka, baada ya hapo mwili unazoea na unabaki hivo maisha. Hiyo sentensi ya "mwili unazoea" mtaisikia kwenye kila video, grupuni ndo kabisa, ukilalamika kichwa kinauma unajibiwa vumilia mwili unazoea, ukilalamika umesinzia kwenye kikao mwili unazoea, kuna mtu aliandika ameota akiwa amesimama, akatumiwa makopakopa.

Ushahidi wao mkubwa ni watu maarufu. Thomas Edison kwanza, yule mvumbuzi wa Marekani. Edison kweli alikuwa anaponda watu wanaolala sana, ila ndani ya maktaba ya maabara yake kule West Orange, New Jersey, kulikuwa na kitanda, na picha zake amelala mchana zipo, kwa hiyo huyo ni mzee wa kujilaza tu. Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, naye anasifika kwa masaa manne, sawa, tumpe. Alafu wanamleta Buckminster Fuller, msanifu na mvumbuzi wa Marekani, huyu ndo baba wa ile ngazi ya magwiji, mwaka 1943 jarida la Time liliandika kwamba alilala masaa mawili kwa siku kwa muda wa miaka miwili akijilaza kila baada ya masaa sita. Kocha anaishia hapo. Habari yenyewe inaendelea kusema aliacha kwa sababu wenzake wa biashara walikuwa wanang'ang'ania kulala kama watu wengine. Mi nilicheka, maana ndo kilichomkuta jamaa wetu wa stoo, ratiba inamtaka ajilaze saa tano asubuhi wakati lori la saruji ndo linaingia.

Kuna na Claudio Stampi, huyu ni mtafiti kweli kweli, alifuatilia mabaharia wanaovuka bahari peke yao ambao wanalazimika kulala vipande vipande la sivyo chombo kinagonga kitu. Kozi inamtaja kana kwamba aliwashauri watu waishi hivo. Yeye alikuwa anaongelea hali ya dharura, pale ambapo kulala kawaida haiwezekani na unataka angalau kidogo utakachopata kikufae. Mimi sivuki bahari jamani, navuka Ubungo.

Na kuna hoja moja iliniuma kidogo kwa sababu ni ya kwetu. Video ya tano au ya sita Kocha anasema Wahadzabe hawalali masaa nane na wana afya kuliko sisi. Hii ina ukweli ndani yake. Mwaka 2015 watafiti walichapisha utafiti wa jamii tatu zinazoishi bila umeme, Wahadzabe wa hapa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, wakawavalisha vifaa vya kupima usingizi mkononi, wakakuta wanalala wastani wa kati ya masaa matano na dakika arobaini hivi na masaa saba. Lakini huo ni usingizi wenyewe tupu, muda wanaokuwa wamejilaza ulikuwa kama masaa saba mpaka nane na nusu, maana hakuna mtu anayelala mfululizo bila kushtuka. Sisi tukisema "nimelala masaa manne" tunahesabu kuanzia kuingia kitandani, na humo ndani kuna kugeuka, mbu, jirani na redio yake. Ukipimwa na kile kifaa nadhani mimi nilikuwa napata matatu na kidogo. Utafiti mwingine wa 2017 kwa Wahadzabe haohao ulikuta ndani ya siku 20 hivi, zile dakika ambazo watu wazima wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ni 18 tu, karibu kila saa kuna aliye macho. Usiku wao mrefu na wanaugawana. Kocha anachukua ile namba ndogo anaacha usiku wote uliobaki nje ya video.

Ramadhani nayo wanaitumia, kwamba mbona mnaamka daku mwezi mzima na mnafanya kazi. Tunaofunga tunajua. Ingia ofisi yoyote saa nane mchana Ramadhani uone nani anafanya kazi.

Sasa lile swali lenyewe, mwili unazoea au hauzoei. Hapa ndo nataka mnisome taratibu maana ndo hela yenu inapopotelea.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2003 walitoa utafiti wa watu 48 wazima wa afya, wakawagawa, wengine wanapewa masaa manne ya kitandani kila usiku, wengine sita, wengine nane, kwa wiki mbili, humohumo maabara wakiangaliwa hakuna kudanganya. Kila siku wanawapima kasi ya kuitikia kitu, kumbukumbu na hesabu, na wanawauliza pia mnajisikiaje. Wa masaa nane walibaki vizuri. Wa masaa manne na sita wakawa wanashuka kila siku, kila siku, mpaka mwisho wa wiki ya pili hawajaacha kushuka, wakafikia viwango vya mtu aliyekesha mpaka usiku mbili. Kinachotisha ni ile sehemu ya kujisikia. Mwanzoni walisema wamechoka, baada ya siku chache usingizi wanaouhisi ukasimama palepale, hauongezeki tena, wakawa wanajiona wako sawa tu. Vipimo vinaporomoka, mwenyewe anasema niko poa.

Kwa hiyo Kocha hadanganyi akisema utazoea. Unazoea kweli, ila unachozoea ni kule kuchoka. Kile kipimo cha ndani kinachokwambia "leo umechoka" kinachukulia hali yako mpya kuwa ndo kawaida, na wewe ukijiuliza unajilinganisha na jana, na jana ulikuwa umechoka vilevile.

Nilijaribu mwenyewe kwa namna ya kienyeji. Kuna mitihani ya bure mtandaoni, skrini ikibadilika rangi unabonyeza inakupa milisekunde. Kabla ya kozi nilifanya asubuhi kadhaa nikaandika, alafu nikaendelea kufanya muda uleule nikiwa kwenye ngazi ya kwanza. Wiki ya kwanza nilijihisi vibaya na namba mbaya, hilo nililitegemea. Wiki ya pili nikajihisi mtu kabisa, nikaandika grupuni kwamba naona mabadiliko, nikapata makopakopa yangu, na namba zikawa mbaya kuliko wiki ya kwanza. Na mbaya yenyewe sio kwamba kila mbonyezo umechelewa kidogo, hapana, nyingi zinakuwa kawaida kabisa alafu katikati moja inapita sekunde nzima sijabonyeza, kama vile sikuwepo. Hizo ndo wanaziita usingizi wa kufumba na kufumbua, ubongo unazima sekunde chache na macho yako wazi.

Jamaa wa stoo yeye aliruka moja kwa moja ngazi ya pili, hakutaka mambo ya watoto. Wiki moja na nusu ndani akaandika oda ya mifuko mia tano ya saruji badala ya hamsini, na alikuwa anajisifu asubuhi hiyohiyo kwamba hajawahi kuwa na akili nyepesi hivi. Bosi aliiwahi kabla haijaenda. Dada wa mapokezi aliacha mapema, alichochukua ni zile dakika ishirini za mchana na kuamka muda mmoja, na nikiangalia nyuma ndo pekee aliyepata thamani ya mchango wake.

Niseme na upande wa pili ili nisionekane nina chuki. Wapo watu wanaolala kidogo na wako sawa, wamezaliwa hivo. Timu ya Ying-Hui Fu kule San Francisco mwaka 2009 ilitangaza mama na binti yake wenye badiliko kwenye jeni inayoitwa DEC2, wanalala kama masaa sita na robo kwa raha zao, mwaka 2019 wakaja na jeni nyingine, ADRB1, ambayo waliikadiria kwa watu kama wanne katika laki moja. Wanne, katika laki. Grupu letu lina watu mia mbili na kitu na wote Kocha anawaambia wana huo uwezo ndani yao. Na mkumbuke hata yule mama na binti waliojaliwa walikuwa kwenye masaa sita na kitu, sisi tunauziwa manne.

Pia kuna utafiti wa zamani wa miaka ya 1970 San Diego, wanandoa wachache walipunguza usingizi pole pole kwa miezi mingi, wengi wakafika kwenye matano hivi na hapo uchovu ukawakatalia kushuka zaidi, ila mwaka mmoja baadae baadhi walikuwa bado wanalala pungufu ya zamani kwa saa moja au zaidi. Kwa hiyo kama wewe ni wa masaa nane na nusu ukajikuta unaishi vizuri na saba na nusu, hilo mi siwezi kulibishia, yaelekea ulikuwa na ya ziada. Na ile hali ya kulala fofofo kichwa kikigusa mto, ambayo kozi inaiita "ubora wa usingizi kupanda", ipo kweli, mwili ukinyimwa unabana kwanza usingizi mzito, unakata ule mwepesi na ule wa ndoto. Ni mwili unaojibana tu, kama nyumba inayolipa kodi kwanza na kukata mboga.

Jambo lingine wameliiba hospitali. Kuna tiba ya watu wanaokosa usingizi ambapo unapunguziwa muda wa kitandani ili ule muda uliobaki ulale kweli, Arthur Spielman aliandika kuhusu hiyo 1987. Ni kwa mtu anayekaa kitandani masaa tisa analala matano, kwa muda, akiwa na mtaalamu, na baadae wanamwongezea. Kozi imechukua nusu ya kwanza ikaiuza kwa watu ambao shida yao ni kwamba hawana muda wa kulala. Tofauti kubwa sana hiyo.

Kuhusu kulipia deni la usingizi Jumapili, PDF ina ukurasa unaosema ukiona umezidiwa lala sana siku moja deni linaisha. Jeshi la Marekani, kituo chao cha Walter Reed, mwaka huohuo 2003 walichapisha utafiti ambao waliwanyima watu usingizi siku saba, wengine masaa matatu, wengine matano, wengine saba, alafu wakawapa siku tatu za kulala masaa manane. Baada ya hizo siku tatu bado hawakuwa wamerudi walipokuwa mwanzo, hata wale wa matano.

Kilichonifanya nishushe nyota kutoka tatu kwenda mbili, na mkono ulikuwa unaelekea moja, ni grupuni. Kuna kaka aliingia akajitambulisha ni dereva wa lori, anapiga Dar hadi Tunduma, akauliza afate ngazi gani ili aokoe muda njiani. Kocha akamwambia ya magwiji, inamfaa maana anaweza kujilaza pembeni ya barabara. Nikaandika pale kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 utafiti wa Australia wa 1997 ulikuta uwezo wake umeshuka sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na huyu anataka kuendesha tani thelathini mlima Kitonga. Ujumbe ukafutwa. Nikauliza kwa nini umefutwa, nikaambiwa grupu ni la watu chanya. Nimemtafuta yule kaka inbox nikamwambia ajilaze zile dakika ishirini kadri awezavyo lakini usiku alale, akajibu "poa dada" na sijui alifanyaje.

Alafu baada ya wiki mbili wanakuletea unga. Unga wa asili wa nguvu, kopo elfu ishirini na tano, unachanganya na maji ya uvuguvugu. Nyuma ya kopo kwa maandishi ya sisimizi imeandikwa guarana, na guarana ni kafeini, ileile ya kwenye kahawa ya kibarazani. Kafeini inazuia ile kemikali inayojikusanya kichwani ukiwa macho na kukuletea usingizi, inazuia tu usiisikie, haiiondoi, na nusu ya uliyokunywa bado iko mwilini masaa matano hivi baadae, kwa hiyo ukinywa jioni unaharibu hata hayo manne uliyobakiwa nayo. Kikombe cha kahawa pale Kariakoo mnajua bei yake.

Huduma kwa mteja: ukiuliza jambo kabla ya kulipa unajibiwa ndani ya dakika, ukishalipa mpaka kesho. Tangazo linasema hela inarudishwa kama haujaridhika, tulipoomba tukaambiwa lazima utume video ya kila siku inayoonesha umefata ratiba siku arobaini bila kukosa, sharti ambalo halikuandikwa popote tulipolipia. Tumeachana nao.

Nani anunue? Kama unalala masaa saba au nane ila hovyo hovyo, leo saa nne kesho saa nane usiku, na una elfu thelathini na tano isiyo na kazi, somo la ratiba litakusaidia. Kama wewe ni dereva, bodaboda, nesi wa zamu, fundi wa mashine, mlinzi, usiiguse. Kama una mtoto mchanga huhitaji kozi, unahitaji mtu wa kukushikia mtoto. Ile apu ya alamu inakata kifurushi kikiisha lakini Play Store zipo kibao za hesabu bure, tafuta yoyote.

Mimi oda za keki za Jumamosi saivi mwisho wa kupokea ni Jumatano, na nimepandisha bei kidogo, wateja wawili wamenuna. Jamaa wa stoo amerudi kulala kama kawaida, anasema mtihani ukifika atakesha kama zamani. Mnaoomba namba ya Kocha inbox msisumbuke, sigawi.